Swichi Inayolinda Pombe ya Posa

Mpendwa Shangazi Gatwiri,

Naomba unishike mkono, maana nimekwama. Mimi ni fundi wa redio, nimepanga chumba hapa Ruring'u, na mwezi ujao wazee wetu wanapeleka posa kwa kina Ngendo, msichana ninayempenda mpaka nikishika waya nasahau ni upi mwekundu, na kwetu huendi huko bila muratina, ile pombe ya asali, nayo hutaka joto la polepole kando ya moto, ikipoa inalala, ikichemka inakufa, kwa hivyo mzee hukaa nayo jikoni mpaka iive. Mzee mwenyewe ni baba yangu, Kahiga, wa Tetu, na kifua chake hakipatani tena na moshi. Basi nikatoa swichi ya joto kwenye pasi mbovu, nikaifunga kwenye jiko la umeme, juu sufuria ya maji, ndani ya maji mtungi mdogo wa kujaribia, na Shangazi, inajiendesha yenyewe! Maji yakipoa, tik, inawaka, yakipata joto, tik, inajizima. Jioni ukungu ukishuka kutoka mlimani najilaza chali nikisikiliza, chumba chote kinanukia asali, naona nyumba yangu na Ngendo imeshaanza kupumua, naona mpaka mapazia.

Nikamleta baba aone. Alionja, akaonja tena, nikajua ni tamu. Kisha akauliza, "Na wewe ukienda kazi, nani anabaki na pombe?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu, baba. Inajiangalia. Wewe sasa utapumzika tu."

Akachukua kofia yake. "Basi hiyo kitu yako ndiyo itaenda kukuombea bibi. Mimi niko na ng'ombe ya kukamua."

Tangu hapo hataki kuniona, na bila yeye hakuna posa. Nivunje mashine nirudie kuni, au nimwombe mjomba aongoze wazee?

Wahome, Ruring'u

Wahome mwanangu,

Kichwa unacho, hongera. Masikio ndiyo sijui. Baba yako ameuliza nani anabaki na pombe, wewe ukamjibu habari za mashine!

Ulifikiri wazee walikaa kando ya mtungi kwa kukosa swichi? Mzee akikaa pale huwa anaomba. Anamtaja mwanawe, anamtaja msichana, anawataja wajukuu ambao hawajazaliwa, na pombe inaiva katika maneno hayo. Ulitaka kumwondolea moshi, na najua ni mapenzi, lakini alichosikia ni kwamba ndoa yako inaweza kuiva bila yeye. Hilo linauma, kijana.

Habari ya mjomba isahau kabisa, hiyo ni kumwaga petroli motoni. Mashine nayo usivunje, kifua ni kifua. Panda Tetu Jumapili hii na sukari na majani ya chai, uache waya nyumbani. Mwambie, "Baba, joto nimepata, lakini pombe haina mtu." Halafu unyamaze, kama unaweza.

Akija, mpe kitanda, wewe lala sakafuni. Weka kiti karibu na mtungi, achovye kidole, aamue joto liwe wapi, nawe uzungushe swichi bila ubishi. Zima hizo redio zako zote.

Na ukimsikia anataja jina lako, usiitike. Si wewe anayesema naye.