Mzee Amekuwa Mbaya

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi ni mzima, ila leo nimechekwa huku ugenini mpaka masikio yakapata moto.

Ile nafasi ya mhudumu wa wodi imetangazwa. Mama, nimechoka kuwafahamu wagonjwa kwa mashuka yao tu. Humu katika chumba cha kufulia najua nani katapika na nani katoka damu, lakini uso wa mtu siujui. Basi nikaandika barua ya maombi mwenyewe. Nilitaka kusema nimefanya kazi kwa bidii. Nikakumbuka ulivyotufundisha kwamba vielezi vya Kiingereza huongezwa ly: slow, slowly, quick, quickly. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: I have hardly worked in this laundry.

Msimamizi alisoma, akawaita wenzake. "Njooni mumwone mtu mkweli," akasema. "Anatuambia tangu aje hajagusa kazi!"

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi niandike upya. Mwenzangu wa mashine ya kukaushia amejitolea kuniandikia. Nimekataa. Nikiingia wodini kwa Kiingereza cha mtu mwingine, siku ya kwanza nitakuwa bubu. Nifundishe wewe. Darasani nilikuwa nakaa nyuma kwa aibu ya kufundishwa na mama yangu. Sasa nahamia mbele.

Mwanao


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika lakini linatembea, na mimi nalisikiliza mara moja moja. Unakula? Usiniambie chai na mkate ni chakula.

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikakasirika. Wewe kufanya kazi na mashuka ya hospitali nzima, kisha neno moja likufute!

Sikiliza. Hard ni kaidi, haifuati wenzake. I have worked hard, nimejituma. Ukiibandika ly inageuka jambo jingine: I have hardly worked, ni kama sijafanya kazi. Tena angalia maneno haya yanapokaa. Hardly inajibana katikati, baada ya have, pamoja na already, just, never na always. Zikae hapo, usizisukume. Hard, well na badly kwa kawaida husubiri mwisho: she has slept badly, amelala vibaya.

La pili ndilo litakalokusumbua wodini. Baada ya have been, ukitaka kueleza hali ya mtu, weka kivumishi. She has been quiet, amekuwa mkimya. Usiseme has been quietly, kwa sababu hapo unaeleza alivyo, hujataja alichofanya.

Usikariri kama kasuku. Kila shuka unalolikunja, mtungie sentensi aliyelilalia. Na hiyo barua iandike wewe, hata ukichana karatasi zote za duka.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Najua umeshawauliza watu wote wanaopita mlangoni kama posta imefungwa.

Nimepata! Niko wodini kwa majaribio. Msimamizi aliposoma barua ya pili alitafuta kosa mpaka akavaa miwani. Nimepewa sare ya kijani iliyonibana kwapani, na kazi ya kutandika, kulisha, kugeuza wagonjwa na kuandika ripoti fupi ya Kiingereza inayotundikwa miguuni pa kitanda.

Sasa sikiliza balaa. Kitanda cha dirishani kuna mzee aliyekuwa fundi wa lifti. Mcheshi, akiniona tu ananiuliza, "Juu au chini?" Juzi hakuuliza. Alishinda amegeukia ukuta, hakula, rangi ilimtoka. Nikaandika: He has been bad today. Been, kisha kivumishi, kama ulivyosema. Nikajisifu.

Jioni akaja binti yake, mpishi wa shule, mwanamke asiye na maneno mengi. Akasoma, akanigeukia. "Baba yangu amekuwa mbaya? Amemkosea nani hapa?"

Nikaanza kutafuta Kiingereza cha kujitetea. Mzee akageuka taratibu, akacheka hadi akakohoa. "Mwache kijana. I have always been bad. Mama yako angekuwepo angetoa ushahidi."

Binti hakucheka. Alikwenda kushtaki. Muuguzi mkuu ameniambia lalamiko jingine moja tu, narudi kufua. Na yule binti sasa akinikuta kitandani kwa baba yake, anasubiri nje mpaka nitoke.

Sirudi kufua, mama. Lakini niambie nilikosea wapi.

Mwanao


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwanza. Nimewatangazia majirani wote, pamoja na yule asiyenisalimu.

Kanuni uliishika vizuri, kivumishi ndicho ulichokosea. Bad ukimwekea mtu hivyo, wengi watasikia tabia, kama mtoto aliyevunja sahani. Ulitaka unwell. He has been unwell, amekuwa hajisikii vizuri. Au eleza ulichokiona: he has hardly eaten, ni kama hajala. Unaona? Lile neno lililokufanya uchekwe na watu lina kazi yake halali.

Lakini hili halimalizwi na sarufi. Umeandika mbele ya kitanda kwamba baba wa mtu ni mbaya. Usijifiche nyuma ya toroli la mashuka. Mfuate yule binti, umwambie kwa mdomo wako, bila karatasi. Ukigugumia, gugumia. Mtu huona kama unajitahidi.

Na wakati unajiandaa, jifunze had. Ukisimulia mambo yaliyokwisha, yaliyotangulia mengine, have haitoshi. He had slept, alikuwa amelala; he had been tired, alikuwa amechoka. Utaihitaji watu wakikuuliza habari za jana.

Viatu vyako vya kazi vikoje? Kusimama kutwa si mchezo.

Mama yako


11 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimepokea barua zako mbili za kuuliza kama niko hai, niko hai. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Nilimfuata yule binti kwenye ngazi. Nikagugumia kama ulivyoniruhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akapita. Toka siku hiyo hakusubiri tena nje, lakini hakunisemesha.

Mzee alizidi kushuka. Wiki iliyopita, asubuhi, nilipomletea uji alinishika mkono. Akasema anaogopa. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayekwambia ana kiu. Nilikuwa na vitanda vingi, nikamwomba mwenzangu anishikie zamu, nikavuta kiti.

Akanisimulia kazi yake. Lifti ikikwama katikati ya ghorofa na watu ndani, alikuwa anakaa sakafuni nje ya mlango na kuzungumza nao huku mwenzake akihangaika na mitambo. Nikamuuliza aliwaambia nini. "Chochote," akasema. "Bei ya viazi. Wanachotaka ni kusikia kuna mtu." Basi nami nikamweleza habari zako, goti lako, na hardly. Alicheka kidogo. Baadaye akanyamaza, vidole vikalegea mkononi mwangu. Mchana, jua likiwa limejaa chumbani, pumzi ikakata. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama nami.

Binti alifika akiwa bado na aproni ya jikoni. Kitanda kilikuwa tayari kimetandikwa upya, na mimi ndiye niliyekitandika. Muuguzi alikuwa ameitwa kwenye simu. Tukabaki wawili. Akaniuliza kama baba yake aliogopa: "Had he been frightened?"

Mama, never ilikuwa imeshafika ulimini. He had never been frightened, hakuogopa kamwe. Sentensi safi, hata wewe usingeitia wino mwekundu. Na yule mwanamke angeipokea kwa mikono miwili. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwandikia uongo mmoja kuhusu baba yake bila kujua. Wa pili ningeusema huku najua.

Nikamwambia aliogopa kidogo: He had been a little frightened. Nikaendelea: Then he had talked quietly. He had not been alone, hakuwa peke yake.

Alikitazama kile kitanda. Nikawaza, sasa nimeharibu, narudi kufua. Kisha akauliza nilikaa wapi. Nikamwonyesha kiti. Akakivuta karibu na kitanda kitupu, akaketi, akaweka mkono juu ya shuka.

Nikafunga pazia, nikaenda kuwapa wengine chakula chao.

Mwanao,
mhudumu wa wodi, siyo wa majaribio tena