Mlango Nilioulipia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unaweza kuinama bila kushika ukuta, na kwamba kaka na mkewe wanakuchotea maji kama walivyoahidi. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo sijui niseme nini, maana tangu Jumamosi nimekasirika mpaka mkono unatetemeka, na wewe unanijua, mkono wangu huwa unatetemeka kwa woga tu. Ukiona herufi zimepinda, ni hasira. Usidhani naumwa.

Mjomba ndiye atakayekukabidhi barua hii. Ndani ya bahasha kuna kitu kizito, usikitoe bado. Na kwenye lori lake kuna mzigo wangu. Nimemwomba asiushushe mpaka umalize kusoma. Akianza kulalamika kwamba unamchelewesha, mpe chai umwache alalamike.

Kama nilivyokwambia kwenye simu, ofisi imenihamishia tawi la upande wa pili wa mji. Kazi ni ile ile ya masjala: majalada yanaingia, majalada yanatoka, na likipotea moja wa kwanza kuulizwa ni karani mdogo. Nilikokuwa nikikaa ni mbali mno na tawi hilo, nikapata chumba kingine karibu, kwa shemeji wa mwenzangu wa kazini, ambaye amekubali nilipe kidogo kidogo. Mwenye nyumba wa zamani nilimpa taarifa mapema, tena kwa maandishi, nikalitaja na tawi ninakohamia, kama tulivyokubaliana siku ya kuingia. Hapo ndipo yalipoanzia.

Unaikumbuka ile amana ya kodi ya miezi miwili niliyotakiwa kuiweka. Huwezi kuisahau, kwa sababu ilikuwa pesa yako. Ulikuwa umeitunza kwa ajili ya mlango wa nyuma, ule ulioliwa na mchwa mpaka ukabaki kipande cha bati na gunia. Ulinipa yote, ukaniambia umelala bila mlango siku zote hizo na hakuna aliyekuja kukuiba. Ulicheka. Mimi sikucheka. Nilijiapia kwamba siku nitakayohama, pesa hiyo itarudi kwako ikiwa nzima. Kila nilipotaka kupigilia msumari ukutani nitundike gauni, niliukumbuka mlango wako nikaacha. Muda wote niliokaa mle ndani, nguo zangu zilining'inia kwenye kiti.

Yule mwenye nyumba, wapangaji humwita Wiki Ijayo, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila jambo. Bomba linavuja, wiki ijayo. Taa ya koridoni imekufa, wiki ijayo. Kodi tu ndiyo hutakiwa leo. Nilipomuuliza kuhusu amana, akasema bila shaka mwanangu, wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika, akasema nilete ufunguo kwanza. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ufunguo nitamkabidhi siku atakayonikabidhi pesa, mkono kwa mkono. Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Akasema ofisi imeniharibu. Halafu akaniita mwanangu tena. Huniita mwanangu kila anaponinyima haki yangu, na hilo linaniuma kuliko kama angenitukana. Mimi ninaye mzazi, na mzazi wangu hajawahi kunidhulumu hata kipande cha sabuni.

Jumamosi nikahama. Nilikuwa nimepiga deki sakafu, nimefuta vioo vya dirisha kwa gazeti, hata swichi ya taa niliisugua. Vitu vyangu vilikuwa tayari nje, juu ya mkokoteni. Wiki Ijayo akaja kukagua, amevaa miwani ya kusomea. Akapapasa kuta. Akawasha taa, akaizima, akaiwasha tena. Akachungulia chini ya dirisha. Hakupata kitu, na niliona wazi jinsi kukosa huko kunavyomkera. Mwisho akainama mlangoni, akaingiza ukucha kwenye ufa ulio chini kabisa, karibu na sakafu, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Akatangaza kwamba mlango umeharibika, haufai tena, itabidi anunue mpya, na amana yangu yote itaishia hapo. Tena haitoshi, akasema, lakini yeye ni mtu wa huruma, kilichopungua ananisamehe.

Ananisamehe, mama!

Nikamwambia ule ufa niliukuta. Akauliza shahidi wangu nani. Jirani wa chumba cha pili, mama mmoja mshonaji tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akatoa kichwa akasema shahidi ni yeye. Akasema muuza mitumba aliyekaa mle kabla yangu alikatwa amana kwa ajili ya mlango huo huo, na mwalimu aliyekaa kabla ya muuza mitumba naye vile vile. Akasema mlango ule umenunuliwa mara nyingi kuliko nyumba yenyewe, na mpaka leo ni ule ule. Watu wakacheka. Wiki Ijayo akamwambia ashone nguo zake aachane na milango ya watu. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima kwamba kama mlango unaniuma kiasi hicho, basi niubebe, nikauchemshie chai. Watu wakacheka tena, safari hii nikichekwa mimi. Akaondoka, akisema atarudi jioni kuchukua ufunguo wake.

Sasa mama, kama umesimama, kaa.

Niliubeba.

Sijui nikueleze vipi. Mtoto wako unamjua. Ndiye aliyekuwa akizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya bata wa jirani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema nilizaliwa nikiomba radhi. Nilisimama pale nikautazama ule mlango. Mbao ngumu ya zamani, nzito, kitasa kizima. Mwanzoni nilikuwa nikitazama tu, ili nisiwatazame watu usoni. Kisha nikajiuliza jambo ambalo karani yeyote angejiuliza: kitu kikishalipiwa kinakuwa cha nani? Nikaenda kwa Redio kuomba bisibisi. Hakuuliza ya nini. Aliuegemeza mlango begani mwake huku mimi nikifungua skrubu za bawaba, nazo zilikuwa zimeshika kutu, nikachubuka viganja vyote viwili. Mwenye mkokoteni alipotuona tunatoka nao alisema yeye amehamisha watu wengi, wengine husahau mpaka sufuria jikoni, lakini hajawahi kuona aliyekumbuka mlango. Ilikuwa mchana kweupe, ua mzima ukitazama. Hakuna aliyenizuia. Nadhani kama mtu mmoja tu angeniita jina langu, ningeurudisha na kuomba radhi.

Jumatatu akaja ofisini. Tawi jipya, siku yangu ya kwanza, hata choo kilipo nilikuwa sijakijua. Alisimama kaunta, akapaza sauti kwamba karani wao mpya ni mwizi wa milango. Mkuu wa masjala, mama mmoja ambaye sijamwona akitabasamu, akaniita akaniuliza kama ni kweli mlango wa bwana huyu ninao. Nikasema ninao. Nikasema pia kwamba pesa ya mlango huo anayo yeye, aliikata mwenyewe mbele ya watu na akaniambia niubebe. Akirudisha pesa leo, mlango nitaurudisha leo, na skrubu nitazikaza kwa mikono yangu. Niliyasema yote bila kuomba radhi hata mara moja. Mkuu akamuuliza anataka kipi, pesa au mlango. Akasema anataka vyote viwili. Mtu mmoja kwenye foleni akaguna. Wiki Ijayo akawaka, akasema habishani nasi, atarudi na polisi. Mkuu akafungua kitabu chake cha miadi, akamuuliza atakuja nao lini.

Akajibu, mama, wiki ijayo.

Foleni nzima iliangua kicheko, pamoja na watu wasiojua jina lake. Mimi sikuweza. Mkuu hakuniambia kama nimefanya vizuri au vibaya. Alisema tu nirudi kwenye majalada, na kwamba nikiitwa kituoni asisikie kwa watu. Kwa hiyo sijui, mama. Naogopa. Kila mlango wa ofisi ukifunguliwa naruka. Huenda nikaipoteza kazi hii kabla ya mshahara wa kwanza wa tawi jipya. Lakini kila woga unapopanda namkumbuka akinisamehe, na hasira inarudi moto ule ule.

Mzigo ulio kwenye lori ndio huo. Sikutaka uuguse bila kujua ulivyopatikana. Ukiona ni aibu nyumbani kwako, mwambie mjomba ageuze nao, nitaurudisha mwenyewe na sitakulaumu kamwe. Ukiukubali, mwite fundi seremala wenu. Vipimo vya fremu yako ninavyo tangu nilipokuwa nikiuliza bei za milango madukani. Upana unaingia. Urefu umezidi, itabidi akate chini, kama kiganja hivi. Na ule ufa alioulipia mwalimu, akaulipia muuza mitumba, nikaulipia mimi, wote uko hapo hapo chini. Msumeno ukipita mara moja tu, utaanguka na maranda.

Nisalimie kaka na mkewe, na umkanye kaka asinicheke mpaka nijue mwisho wangu. Redio anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema mzazi wa mtu kama mimi lazima ni mtu wa kuamkiwa. Mjomba mlipe maneno mazuri, nauli amekataa.

Sasa fungua bahasha vizuri utoe kilichobaki. Ni ufunguo. Kitasa hugoma kidogo mwanzoni. Uvute mlango kwako, kisha zungusha mara mbili.

Siku utakayolala umeufunga, niandikie.

Ni mimi, mwanao wa mwisho, yule mwoga.