Tuligeuzia Nimule

Kator, Juba
2 Novemba 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye joto hili. Goti lako limetulia, au bado linakutabiria mvua? Mimi mzima, ila nimekonda kidogo kwa sababu ya jua, na pia kwa sababu ya mtu anayeitwa Kizza.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu tunakatiana maneno. Mwaka 2021 tulikatiana mpaka nikaondoka nyumbani. Karatasi lazima uisome mpaka mwisho, kama nilivyosoma barua zako za vitani Mogadishu nikiwa mtoto, kwa Kiswahili hiki hiki cha kambi ya jeshi.

Huyo Kizza ni mwenzangu kazini. Tuko wawili tu kwenye maabara ya hospitali. Hapa damu haiendi kwa mgonjwa mpaka watu wawili wasomeane: mmoja asome lebo ya mfuko, mwingine karatasi ya mgonjwa, kwa sauti, kisha wote watie sahihi. Kwa hiyo hata nikitaka kumnunia, siwezi. Asubuhi ananiambia, "Chama chako ni cha kelele." Namwambia chake ni cha usingizi. Halafu tunasomeana, "O chanya," "O chanya," kama maharusi kanisani. Joto lote hili anavaa sweta la njano, ili mimi niudhike tu. Nami naudhika.

Sasa sikiliza. Januari nakuja kupiga kura. Nina miaka ishirini na saba na sijawahi. Nikiwaza jambo hilo nasahau hata chakula kilicho mbele yangu. Kitambulisho changu, kile ulichokificha siku ya uchaguzi wa 2021 "kwa usalama wangu", naomba umpe Jonah, dereva wa basi aliyekuletea barua hii.

Binti yako,
Mirembe

Bombo
16 Novemba 2025

Binti yangu,

Barua imefika. Jonah amekula, ameshiba, anasubiri jibu hili. Goti langu linatabiri vizuri kuliko redio. Hapa wote wazima, na kuku wameongezeka. Wewe kula.

Kitambulisho kipo ndani ya sanduku la chuma, chini ya sare zangu. Siku ile niliona malori ya jeshi yaliyopita hapa barabarani, na mimi najua malori hubeba nini. Ningekuwa na watoto kumi ningeficha vitambulisho kumi. Wewe ulidhani nilificha kwa ajili ya chama. Dhani hivyo, sikukatazi.

Safari hii mimi ni wakala wa chama, hicho hicho unachokiita cha usingizi, kituoni kwetu. Nitakaa mezani na daftari la wapiga kura. Ukija utapita mbele yangu. Fikiria hilo.

Kuhusu Kizza. Mogadishu nililala hema moja, miezi kumi na mmoja, na mtu ambaye hatukupatana kwa jambo lolote. Lakini zamu yake alishika, na mimi nilipata usingizi. Huyo kijana naona hana shida. Sweta ni zuri.

Baba yako,
Sajini (mstaafu) Mukasa

Kator, Juba
9 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, pamoja na kuku wako wengi. Mimi sijambo, na ninakula. Jonah ameleta barua yako bila kitambulisho. Nimekasirika, kisha nimeisoma tena ile sehemu ya malori, na sasa sijui nimekasirika au vipi.

Kuna jambo jipya. Kizza naye anataka kwenda kupiga kura. Meneja ametuita: mmoja anaweza kwenda, atatafutiwa mtu wa kushika zamu. Wawili haiwezekani, damu haitasomwa.

"Mimi niliomba kwanza," nikasema tuliporudi maabara.

"Wewe unaenda kutupa kura yako," akasema Kizza. "Heri niende mimi. Yangu itahesabika."

"Hiyo ndiyo shida ya yako. Huhesabika hata usipoenda."

Aligonga meza. Nyakuon, muuguzi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri mfuko wa damu. "Nyinyi mnagombania kitu ambacho mimi sijawahi kukishika," akasema. "Tangu tupate nchi, rais hatujamchagua kwa kura. Kila mara tunaambiwa tungoje. Nipeni damu yangu niende."

Tulisomeana kwa sauti ndogo siku hiyo. Nyakuon alipoondoka, Kizza akasema, "Tubaki wote. Yako na yangu zinafutana. Hesabu ya nchi haibadiliki." Nikakubali kabla sijafikiri. Tukapeana mikono tukiwa bado tumevaa glavu.

Tangu hapo najiuliza swali la kijinga: je, mkono wenye glavu ni ahadi?

Binti yako,
Mirembe

Bombo
21 Desemba 2025

Binti yangu,

Habari za joto. Hapa tunaelekea Krismasi salama.

Mapatano yenu ni upuuzi wa watoto. Kura si damu, haihitaji watu wawili. Kila mtu na yake.

Jonah ana bahasha. Usiikunje. Sijasema uje. Nimesema kilichomo ni chako.

Baba yako,
Sajini (mstaafu) Mukasa

Kator, Juba
18 Januari 2026

Baba mpendwa,

Uhali gani baada ya siku ile ndefu ya kukaa mezani? Goti je? Mimi mzima, nimechoka, na nina furaha ambayo siielewi. Sikupiga simu kwa sababu nilitaka uyasome haya yote mpaka mwisho.

Nilivunja ahadi. Bahasha yako ilipofika nilikitoa kitambulisho kila asubuhi, nikaitazama picha yangu ya miaka kumi na tisa, macho yamenitoka kama msichana aliyeitwa jina lake. Siku ya nne nikamwendea Swaka, wa maabara ya jirani, nikamwomba anishikie zamu kwa siri. Akacheka sana. Sikumuuliza anacheka nini.

Tarehe kumi na nne alfajiri nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa natetemeka kwa furaha, mama aliyekaa karibu nami akanipa ndizi akidhani nina njaa. Tukafika Nimule, mpakani, tukashuka kugongewa pasipoti. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu, mtu wa tano, nikaona sweta la njano.

"Kizza."

Aligeuka polepole.

"Si tulikubaliana?" nikamuuliza.

"Tulikubaliana. Wewe unafanya nini hapa?"

"Nanunua nyanya."

"Hata mimi. Nyanya za Nimule ni nzuri."

Tulicheka mpaka askari wa mpaka akatuuliza kama tumelewa. Kisha Kizza akaacha kucheka. "Maabara yuko nani?"

"Swaka."

"Hapana. Swaka anashika zamu yangu. Nilimwomba mimi."

Baba, Swaka alikubali zamu zote mbili na hakusema neno. Nikampigia Nyakuon. Alipokea kabla simu haijalia vizuri. "Kuna mama wa mapacha hapa, anapasuliwa saa kumi na moja jioni," akasema. "Damu ipo, Swaka yupo, anajisomea peke yake kama kichaa. Daktari hataanza hivyo. Mko wapi?"

"Mmoja anatosha kurudi," akasema Kizza, taratibu.

Foleni ilisogea. Dirishani walibaki watu wawili mbele yake. Nilitaka kumwambia, basi rudi wewe. Maneno yalikuwa mdomoni. Ng'ambo nilikuwa nayaona mapaa ya Elegu, upande wa kwetu, nikahesabu vituo vyote mpaka kwako, mpaka mezani kwako. Kisha nikaokota mfuko wangu nikatoka. Sikumtazama Kizza, kwa maana ningemtazama ningebaki.

Nilipata gari dogo la kurudi Juba. Nilikuwa nimekaa, nimefunga macho ili nisilie mbele ya watu, mlango ukafunguliwa.

"Sogea," akasema Kizza. Akanifunulia pasipoti yake. Haikuwa na muhuri wa siku hiyo.

"Ungevuka tu."

"Nivuke nikufute wewe ukiwa unasoma lebo? Sogea, jua kali."

"Vua basi hilo sweta."

"Sivui."

Tulibishana njia nzima. Saa kumi na nusu tulikuwa maabara, bado na vumbi kichwani. Yeye alishika mfuko, mimi karatasi. "A hasi," akasoma. "A hasi," nikajibu, na sauti yangu ikakatika katikati, ikabidi tuanze upya. Mama yule yuko salama. Wamezaliwa wasichana wawili. Nyakuon alipita na kusema, "Malesh, poleni kwa kura zenu," akatuletea chai ya rangi.

Siku ya kura yenyewe tulifungua redio maabara tukagombana kutoka asubuhi mpaka jioni. Bado nasema chama chake ni cha usingizi. Ila ukiniuliza nataka nani asome lebo siku nitakayolala mimi kitandani, nitakutajia jina lake.

Kitambulisho kiko kwenye bahasha, hakijakunjwa. Ulinisubiri?

Binti yako,
Mirembe

Bombo
27 Januari 2026

Binti yangu,

Salamu kwako, kwa Kizza, na kwa huyo muuguzi. Goti ni zima. Barua nimeisoma mpaka mwisho, nikiwa nimesimama.

Umeuliza, nakujibu. Kwenye daftari majina yetu yanafuatana, langu, halafu lako. Mwaka 2021 nililiona: langu lina alama, lako halina. Safari hii nilikaa tangu asubuhi nikiwawekea watu alama, na kila lori au basi likipunguza mwendo nilikuwa nainua kichwa. Saa kumi kasoro kidogo mwenzangu akaniuliza, "Sajini, mbona wewe hujapiga?" Nikamwambia nangoja mtu. Akasema muda unaisha. Nikayatazama yale majina mawili, moja chini ya lingine. Nikamwambia wafunge tu sanduku.

Nimepiga kura tangu tuanze kupiga. Hii ndiyo niliyoiacha.

Kizza atalalamika kwamba chama kimepungukiwa mmoja. Mwambie hiyo ni ya 2021.

Baba yako,
Mukasa