Baba Hakuwa Mfalme

New Hope, Minnesota, Marekani
9 Februari

Kaka Ambakisye,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Mama kimepata nafuu na watoto wamerudi shule salama. Mimi mzima. Tangu msiba wa Baba nyumba yangu imekuwa kimya mno, basi Jumamosi huenda maktaba na Wanjiku, Mkenya ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Kuna kikundi cha kusoma vitabu, na chai ya bure.

Safari hii tumesoma maisha ya mfalme mmoja wa Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini ambao watu wengi hapa husema ndio babu zao. Kitabu kinapendwa sana. Kinasimulia ndoto za mfalme, hasira zake, hata maneno aliyoyasema peke yake akikata roho. Nilipofika hapo nililia.

Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu, mama mpole. Akauliza, "Nani alikuwepo kuyasikia?"

Akaeleza kwamba habari nyingi za wafalme wale ziliandikwa miaka mingi sana baada ya vifo vyao, na mashairi ya zamani zaidi yalitungwa na watu waliolishwa na mfalme mwenyewe. Si kwamba yote ni uongo, alisema, ila mwandishi mwaminifu huonyesha alikotoa habari, na asipojua husema "labda". Kitabu chetu hakina "labda" hata moja.

Mzee mmoja akakasirika. "Bibi yangu alituambia sisi ni uzao wa mfalme huyu."

"Hata wewe?" Wanjiku akamwuliza. "Jirani yangu naye anasema hivyo hivyo. Sasa mbuzi walichungwa na nani?"

"Na ukoo wa mke wangu," akajibu mzee, na hasira ikamwishia kwenye kicheko.

Nilicheka pia. Kisha nikarudi nyumbani, nikasoma tena wasifu wa Baba alioandika Baba Mdogo, ule ulionitumia niupitie kabla ya kuchapwa kwa ajili ya ibada ya mwaka mmoja wa kifo chake. Kaka, nimeukataa.

Pameandikwa kwamba Baba aliasisi shule. Baba alikuwa mpishi wa shule ile. Pameandikwa alimuua chui kwa mikono mitupu. Chui huyo hakutajwa na mtu Baba akiwa hai, na mbwa wakibweka Baba alikuwa anatutuma sisi tukatazame.

Nilimpigia Baba Mdogo. Akasema, "Mwanangu, marehemu husifiwa. Umeshakuwa Mzungu wewe."

Nikamjibu, "Namsifu, Baba Mdogo. Watoto wasiolipa ada aliwapakulia maharage sawa na wenzao. Aliitwa ofisini akakaripiwa, na kesho yake akapakua vilevile. Waliokula wapo, waulizwe."

Akakata simu.

Linaloniuma zaidi ni pale mwisho, eti Baba alituaga akisema, "Ukoo wangu, pendaneni, nawaachia mwenge." Chumbani ulikuwa wewe peke yako. Asubuhi ile uliniambia kwa simu, huku unalia, kwamba aliomba maji, akauliza kama kuni zimeingizwa ndani maana mvua inakuja. Mimi sikuwepo, Kaka. Sikumzika. Sina kingine cha kifo cha baba yangu ila maneno hayo, na sitamruhusu mtu ayabadilishe.

Mkiuchapa kama ulivyo, ondoeni jina langu. Nitabaki mtoto wake bila karatasi. Lakini nakuomba usimame mbele ya watu, wewe uliyesikia, useme ulichosikia. Wakinung'unika, waambie ni dada yako aliyeng'ang'ania.

Msalimie Mama, na wifi yangu anayemtunza. Msalimie Shangazi wa kwaya. Baba Mdogo naye msalimie, umwambie nampenda na simwogopi.

Siku ya ibada nitakuwa kazini. Mnikumbuke.

Mdogo wako,
Tusekile