Kwa Shangazi, Kuhusu Baiskeli Yangu

Mlango wa Nne,
Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mkate.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua tangu mwaka jana limeanza kukutii. Na mzee wako je, bado anakohoa alfajiri? Mwambie aache ubishi, anywe dawa hadi mwisho wa chupa, si hadi atakapojisikia nafuu. Sisi huku hatujambo. Mimi mwenyewe nina afya ambayo sikuwa nayo nikiwa na miaka thelathini, na hiyo ndiyo iliyoniletea maneno.

Umeona anwani hapo juu si ile unayoijua. Usishtuke. Nimehama kwa Kaka, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu simu. Kaka amesema atakueleza yeye, ili unikanye kama mkubwa wetu uliyebaki. Nimeona nimtangulie.

Unajua nilivyorudi nyumba ya Baba baada ya kumzika mume wangu. Miaka minne sasa. Mchana nilikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nalisha mashine ya pasi mashuka, mvuke unanichoma uso na miguu imeumuka kama unga uliozidi hamira. Usiku nilikuwa nahesabu mabati ya paa, usingizi hauji. Wifi alinichemshia kila jani alilolisikia. Wapi.

Pale hospitali kuna mkunga mmoja, sasa amestaafu, aliyekuwa akija kudai mashuka ya wodi ya wazazi kwa ukali hata tukamwita Kamanda. Siku moja alipita kutusalimia akanikuta nimesinzia nikiwa nimesimama. Akaniambia, "Wewe huna ugonjwa, una usiku mrefu tu. Njoo Jumatano." Kumbe ana kundi la waendesha baiskeli. Kila Jumatano saa moja jioni wanakutana mbele ya posta, wanauzunguka mji taratibu, wanapumzika katikati kwa chai, wanarudi. Hakuna mashindano wala zawadi. Nikamwambia sijui kuendesha. Akasema watoto wote aliowapokea hawakujua kupumua walipofika, na walijifunza.

Kwa nini sikujua, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Ni Baba, kaka yako, aliyegongwa na lori usiku akirudi kutoka kazini kwa baiskeli, mimi nikiwa na miaka tisa. Kaka alikuwa na kumi na sita. Ndiye aliyetumwa kuichukua ile baiskeli, akaibeba begani mpaka nyumbani, gurudumu la mbele limejikunja kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Tangu siku hiyo hata neno lenyewe halikutamkwa katika nyumba ile. Sikumlaumu mtu. Lakini nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa, huku bado naogopa kitu ambacho sikuwahi hata kukigusa.

Nilijifunza kwa Jumamosi sita, pale wanapoegesha magari hospitalini, Kamanda ameshika kiti kwa nyuma. Niliingia kwenye ua wa miiba mara mbili. Mara ya tatu niligonga pipa la taka mbele ya daktari wa mifupa, akanishukuru kwa kumtafutia kazi. Jumamosi ya sita nilimwambia Kamanda aachie, nikaenda mwenyewe hadi lango la wagonjwa na kurudi. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Tuko ishirini na wawili. Kila mmoja ana taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Asiye na taa hatoki nasi, hata awe nani. Tunapita mitaa ya ndani, nyuma ya maghala, kando ya reli, tunashuka mteremko wa soko wakati wachuuzi wanakunja meza zao. Ukipita polepole hivyo unasikia redio za watu, unanusa sabuni ya mtu anayeoga, unamsikia mama akigombana na mwanawe kwa sababu ya hesabu za shule. Mji nilioishi maisha yangu yote nilikuwa sijauona. Na usiku wa kwanza tu niliporudi, nililala kama gogo.

Mbele huenda Kamanda. Nyuma kabisa huenda mtu tunayemwita Mkia, kazi yake kuhakikisha hakuna anayeachwa. Mtu akipata pancha, Mkia anapuliza filimbi na wote tunasimama. Baada ya miezi mitano filimbi ile nilipewa mimi. Shangazi, miaka ishirini na sita kazini hakuna aliyewahi kunipa hata cheo cha kushika ufunguo wa stoo. Filimbi niliivaa shingoni kama nishani.

Basi mji una macho na macho yana midomo. Wazazi wa wanafunzi wakamfikishia Kaka, mwalimu mkuu mzima, kwamba dada yake mjane ameonekana usiku kavaa suruali na kizibao kinachong'aa, anacheka na wanaume. Wakanipa na mchumba kabisa, fundi saa mmoja wa kundini, mzee wa watu mwenye matege, ambaye hujisifu kwamba anazijua saa zote isipokuwa ya kulala. Nilipomwambia kwamba ananioa, alicheka mpaka mguu ukakosa pedeli.

Kaka hakufoka. Unamjua, yeye hafoki, yeye hutoa tangazo. Tukiwa mezani aliweka kijiko chini akasema, "Lango letu litakuwa linafungwa saa tatu. Atakayekuwa nje, atakuwa nje."

"Jumatano mimi hurudi saa tatu na nusu, Kaka."

"Basi umesikia."

"Nimesikia. Nawe umesikia."

Jumatano iliyofuata nilitoka. Sitakudanganya kwamba sikuwa na hofu. Nilipiga pedeli usiku ule wote nikijiambia kwamba hawezi, ni damu yangu. Niliporudi nikakuta lango lina kufuli jipya. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Nilibisha mara tatu, nikaona pazia linasogea, kisha taa ikazimwa.

Kwetu Mkia naye husindikizwa, kwa hiyo nilikuwa na Kamanda, fundi saa na wengine wawili. Kamanda akaniambia twende kwake nikalale. Nikakataa. Nikilala kwa mtu, kesho itasemwa nililala kwa mtu. Nikamwambia nitakaa hapa hapa, kwenye lango la baba yangu, taa yangu ikiwaka, kila apitaye aone niko wapi, na akitaka aulize kwa nini. Kamanda hakubishana. Aliegesha baiskeli yake ukutani, akakaa chini. Wengine wakakaa. Fundi saa akasema haya ndiyo mambo ya kuoa ukoo wenye makufuli, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Kama saa saba hivi nilisikia mchakacho. Mkono wa Wifi ulipita juu ya ukuta ukiwa na chupa ya chai, ukarudi, ukaja tena na shuka. Naomba hili usimwambie Kaka.

Saa kumi na mbili asubuhi Kaka alifungua, ameshika mkoba wake wa shule, amefunga tai. Watu walikuwa wanapita kwenda kazini, na kila aliyetukuta pale ukutani alitusalimia. Alitutazama sisi watano na baiskeli zetu.

"Unanidhalilisha mbele ya watu," alisema.

"Aliyefunga ni wewe, Kaka. Mimi nilikuwa narudi nyumbani."

"Baba alikufa juu ya kitu hicho."

"Baba alikufa kwa sababu alikuwa peke yake gizani, hana taa, hana wa kumsimamishia gari. Sisi tuko ishirini na wawili. Kama ungekuwa unahofia maisha yangu, ungelifungua lango."

Kwa mara ya kwanza nilimwona usoni yule kijana wa miaka kumi na sita aliyebeba chuma kilichopinda begani. Iliniuma sana, Shangazi. Lakini maneno yangu sikuyarudisha, wala leo siyarudishi. Nilipita nikaingia, nikaoga, nikaenda kazini kwa wakati.

Jumamosi ile nilihama. Kundi zima lilikuja. Godoro lilikwenda juu ya baiskeli ya fundi saa, likamfunika kabisa hata ungedhani linatembea lenyewe. Masufuria yalipigana kelele mtaa mzima. Sikutaka kuhama kimyakimya kama mwizi, na sikuhama kimyakimya. Kitu pekee nilichokiacha ni kile kitanda cha chuma, kwa kuwa hakikubebeka.

Nina chumba kimoja na dirisha moja. Alfajiri harufu ya mkate huniamsha kabla ya saa ya mezani. Ninapotoka nafunga mwenyewe, ninaporudi nafungua mwenyewe, saa niitakayo.

Jumapili iliyopita mlango uligongwa. Kaka. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni wenye kitanda changu. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Alivua koti, akatoa spana mfukoni, akaanza kuunganisha vyuma, mimi nikamshikia.

Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Mnapita barabara ya malori?"

"Hatupiti."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akaendelea kukaza nati, ingawa ilikuwa imeshakaza. Chai hakunywa. Mlangoni akasema, "Shangazi bado nitamwambia." Nikamjibu, "Mwambie."

Basi atakuambia. Najua nimegusa jeraha lako, kwa maana aliyekufa ni ndugu yako kabla ya kuwa baba yangu. Ukilia, nami nitalia nawe. Ila usiniambie niache. Sikukuandikia kuomba ruhusa. Nina wajukuu wawili, nani aniruhusu? Nimekuandikia kwa sababu nakupenda, na sikutaka habari yangu ikufikie imekunjwa na mikono mingine.

Nisalimie mzee wako, na wanao wote, hasa yule pacha mtundu ambaye nasikia sasa ni mchumba wa watu. Binti yangu anakuamkia. Wifi naye anakuamkia, kwa sauti ya chini. Mungu akuweke, akunyooshee goti na akupe usingizi mzito kama huu wangu wa sasa. Ukija, usifikie kwa Kaka tu. Kitanda kipo, nami nitalala chini.

Jumatano natoka.

Mimi nikupendaye daima,
Kitindamimba wa kaka yako