Kijiti cha Upande wa Dereva

Jumapili, 2 Machi

Springi za zamani zimetoka. Kaka na Fundi wamepambana nazo tangu asubuhi, boliti zimeshikwa na kutu utadhani zimechomelewa. Mimi nilishika taa. Fundi akasema kwa springi hizi ukibeba maziwa unafika na siagi. Kaka akacheka. Mama alikuwa anaanika nguo, hakucheka. Springi hizi ndizo zilizommaliza baba mgongo, miaka yote ile ya kubeba mizigo ya watu.

Pikapu ilikuwa ya baba. Sasa mwenye duka la vioo anaitaka, lakini kwa sharti: springi zitoke, ifungwe mifuko ya hewa, kila gurudumu mfuko wake, vioo vyake visipasuke njiani. Atakuja Jumamosi asubuhi kuichukua. Mama ameshakubali.

Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikusema — maneno yangu huja nikiwa nimeshaingia chumbani na kufunga mlango.

Kiti cha dereva kina shimo la umbo la baba. Mwaka wake wa mwisho alikuwa haendi popote na gari, lakini akishakula jioni alirudi kukaa humo, redio chini chini, mlango wazi. Alisema ni kiti pekee duniani kisichomchoma.

Jumatatu, 3 Machi

Mifuko imefungwa. Myeusi, ya mpira, kama vitairi vilivyolazwa. Fundi alipofungulia hewa gari likainuka polepole, bila mlio wowote wa chuma, nyuma kwanza, kama ng'ombe anavyoamka. Sikupenda. Sijui kwa nini, sikupenda tu.

Tukapaka maji ya sabuni kila kiungo. Hakuna povu, hakuna panapovuja. Kisha kupima. Fundi akasema kila mtu akae mbali, kipimo kinachukuliwa gari likiwa tupu. Liliinama kidogo upande wa dereva. "Magari mazee yote yana kibyongo," akasema, akaongeza hewa upande ule mpaka likakaa sawa. Akafunga hewa yote ndani, akachomoa waya wa kompresa, ile pampu ya hewa.

Halafu akakata mpini wa ufagio vijiti viwili. Kila kijiti kimekazwa kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na ukingo wa madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, kimoja kila upande. Kazi yangu ni kuvitazama asubuhi na jioni. Kijiti kikipinda, hewa inavuja na gari linashuka.

Nikauliza: na kikianguka?

"Hakianguki, binti. Gari halipandi lenyewe."

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi vyote imara.

Jioni tunakula, nikasikia ko! nje. Kijiti cha upande wa dereva kilikuwa chini. Nilipokirudisha kilicheza, palikuwa na nafasi ya kidole kizima kati ya ncha yake na madigadi. Kile cha upande wa pili kimekaza vile vile. Nikasema moyoni ni paka.

Nilipomaliza kuosha vyombo nikarudi kukiweka. Hakikuingia kwa urahisi. Ilibidi nikigonge kwa kiganja. Nafasi haikuwepo tena.

Jumatano, 5 Machi

Tena. Wakati ule ule wa chakula.

Fundi alipita kuchukua jeki yake, nikajikaza nikamwambia. Akasema ni joto, hewa ikipata jua hutanuka, nimuulize mwalimu wangu wa fizikia. Kaka akadakia kwamba Maktaba (ndilo jina langu kwake siku hizi) amemaliza vitabu vyote vya shule sasa anasoma mpini wa ufagio.

Wakacheka. Nikacheka nao.

Lakini wakati wa chakula jua limeshazama. Hewa inapoa. Ikipoa inanywea, na gari lingeshuka, si kupanda. Na kwa nini upande mmoja?

Alhamisi, 6 Machi

Nimefikiria darasani kutwa. Mwalimu wa historia amenisimamisha na sikujua tuko ukurasa gani.

Hewa imefungwa. Haiingii, haitoki. Basi upande mmoja unaweza kupanda kwa njia moja tu: uzito umetoka.

Niliporudi nilimwomba Kaka akae kwenye kiti cha dereva. Alikubali kwa kunionea huruma, nadhani. Gari likashuka, kijiti kikabana mpaka kikapinda. Akatoka. Kijiti kikanyooka, kikabaki kimekaza kama Fundi alivyokiacha. Hakikuanguka.

Kwa hiyo ili kianguke lazima atoke mtu mwingine. Mtu aliyekuwamo tayari, kabla ya Kaka. Aliyekuwamo tulipopima.

Lile halikuwa kibyongo cha gari. Jumatatu halikuwa tupu.

Sitaki kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandaa meza mwenyewe ili nione. Viti vyote nilivisukuma ndani, na kile cha baba. Nilipotoka jikoni na maji, kiti cha baba kilikuwa kimevutwa nje kidogo. Kaka bado alikuwa bafuni. Mama alikuwa anapakua, mgongo umeelekea upande wangu.

Tukakaa. Ko, nje.

Mama aliinua macho. Hakutazama mlangoni wala dirishani, alitazama kile kiti. Kisha akaniambia nimpe chumvi. Nikampa. Hakutia kwenye chakula chake. Aliisogeza mbele ya kiti cha baba akaendelea kula.

Baba alikuwa anapenda chumvi. Na alikula taratibu mno! Sisi tunamaliza, vyombo vinaoshwa, yeye bado, na Mama anamuuliza kama anatafuna au anahesabu. Ndiyo maana kijiti hubana tena baada ya vyombo. Anamaliza, anarudi kwenye kiti chake.

Kesho gari linaondoka. Likiondoka yeye yumo, atakwenda kukaa na watu asiowajua, katikati ya vioo. Likiondoka yuko mezani, atakaa wapi? Na mgongo ule.

Nimemfuata Kaka nikamwambia tusiuze. Nimeweza maneno hayo mawili tu, "Kaka, tusiuze." Akanishika kichwa. Akasema nimechelewa, niongee na Mama.

Sikuongea na Mama.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye vioo alisema atakuja asubuhi. Tumekaa kutwa tumevaa nguo nzuri kama tunaokwenda kupigwa picha. Amekuja jioni, tukiwa tunakula.

Kijiti cha upande wa dereva leo nilikifunga kwa mpira kwenye nati ya gurudumu, kisianguke. Nafasi ya kidole ipo. Nimetoka kuiona.

Fundi amemweleza mwenye vioo habari za kompresa, waya bado haujarudishwa. Kaka akanituma nikalete funguo. Zinaning'inia kwenye msumari jikoni. Nilipozishika Mama akasema bila kugeuka:

"Mwambie asubiri. Hajamaliza kula."

Sahani zetu tatu zilikuwa zimeshaoshwa. Moja ilikuwa bado mezani, mbele ya kiti cha baba, imefunikwa na nyingine.

Nikamuuliza: halafu?

"Halafu ataondoka na kiti chake. Wewe unaujua mgongo wake, mwanangu. Kwingine hawezi kukaa."

Nikamwambia mimi sitaki aondoke. Nimelisema mbele yake, kwa sauti, si chumbani. Akaufuta mkono kwa kanga, akanishika shavu, akasema hata yeye hataki. Lakini amechoka kumwona anatoka humu ndani kila siku kwenda kukaa peke yake.

Nimekwenda kumwambia mwenye vioo asubiri. Hakuuliza sababu, anadhani ni adabu za nyumba.

Sasa nimekaa kizingitini na daftari hili gotini. Kutoka hapa nakiona kijiti. Funguo ziko mfukoni mwangu, nyuma ya leso. Kaka ananiangalia, mkono ameunyoosha. Nikimpa ni basi. Nisipompa, baba atakaa humo peke yake mpaka lini?

Nyuma yangu Mama ameinua sahani. Nasikia maji ya bomba.

Mwenye vioo amefungua mlango wa dereva, anapangusa kiti kwa kofia yake. Kaka anamwambia asipande kwanza, funguo zinakuja. Hakuna aliyeligusa gari kwa chini. Hakuna aliyepanda.

Nafasi sasa ni ya nusu kidole.

Kaka ananiita, Maktaba, Maktaba. Mpira kwenye nati umelegea, kijiti kimeanza kuban—