Sauti ya Pili Kaburini

Al Rayyan, Qatar, 22 Novemba 2022

Kwako Baba,

Natumai ujumbe huu unakukuta ukipumua vizuri, na Mama amepata nafuu. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika.

Jana nililinda lango la uwanja, mechi ya Wales. Mashabiki wao wakaanza kuimba, nikautambua: ni ule wimbo wetu wa kuteremshia jeneza. Tuni ile ile, sauti zote nne, na watu wanacheka na bendera mkononi. Mzee mmoja aliniambia ni ya kwao, ina zaidi ya miaka mia, ilitungiwa kanisa la wachimba makaa ya mawe. Wanaiimba harusini, msibani, mpirani. Nilitokwa na machozi, supavaiza akanigombeza. Sisi tuliipataje?

Mwanao, Nafula

Kimilili, 24 Novemba

Mwanangu Nafula,

Mimi sijambo. Mama yako hajambo kwa maneno tu. Tangu Jumatatu hali kitu ila uji.

Tuni ililetwa na wamishenari, imeandikwa kwa do-re-mi. Babu yako aliijua, akanifundisha, nami nikafundisha kwaya. Maneno tulitia ya kwetu. Wauimbie mpira wakitaka, sisi tunajua kazi yake.

Sasa sikia. Mama amesema siku akiondoka tumuimbie huo, na sauti ya pili uishike wewe, maana yeye ndiye aliyekufundisha. Omba ruhusa uje upesi.

Baba yako

Al Rayyan, 1 Desemba

Baba,

Leo sijui nikusalimu vipi. Kaka Fabian aliponipigia, nilijua kabla hajasema.

Ruhusa niliomba mara mbili. Kampuni imefuta likizo zote hadi Kombe la Dunia liishe.

Natuma sauti yangu niliyoirekodi. Nimeimba sauti ya pili mwanzo hadi mwisho, nimejifungia bafuni, polepole na chini, maana wenzangu wa zamu ya usiku walikuwa wamelala. Wekeni simu juu ya jeneza, kwaya iimbe nami. Nataka na mimi niwe nimemzika.

Mwanao

Kimilili, 4 Desemba

Mwanangu,

Pole, na sisi tumepoa. Jana mazikoni watu walikuja wengi, na mvua ilitusubiri.

Fabian atakuambia, lakini afadhali usikie kwangu. Simu tuliiunganisha na spika. Nikawapa kwaya do ya kuanzia, kama siku zote. Yako ulikuwa umeianzia chini mno, huko bafuni, nami sikukumbuka kukutumia yetu. Zikagongana vibaya, watu wakatazamana. Nikainyamazisha kwaya. Simu sikuizima.

Basi ukaimba peke yako mpaka udongo ukaisha. Unajua sauti ya pili ikiachwa tupu, bila ya kwanza, ilivyo. Wageni waliulizana ni wimbo gani. Shangazi yako Phoebe alitaka tuizime kwa heshima, nikakataa.

Mama yako alikuwa akiiimba hivyo hivyo jikoni, tupu, nami nikiwa sebuleni namjazia besi. Jana nilifungua mdomo nikujazie wewe. Sauti haikutoka.

Baba yako